Boksi Lililogoma Kupungua

“Ukikosea, nani anaumia?”

Nilimuuliza Mama Mdogo swali hilo nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, miguu inaning'inia, naye amekaa kwenye mkono wa kochi mbele ya ubao mdogo akiwa na chaki mkononi na unga wa chaki mpaka kwenye nyusi. Sikuuliza kwa ujuvi. Nilitaka kujua kweli. Daktari akikosea, mgonjwa anaumia. Dereva akikosea, abiria wanaumia. Mama akikosea kukata kitambaa, mteja anamkalia kooni wiki nzima. Sasa mtu anayechora nukta na mistari, akikosea, nani hasa anaumia?

Alinitazama. Kisha akasema, “Nenda kanawe mikono.”

Mikono yangu ilikuwa safi.

Mama Mdogo ni mdogo wake Mama, kitinda mimba wa Bibi, na chumba chake ni kile cha nyuma ambacho mlango haufunguki wote kwa sababu ya karatasi. Anafundisha hisabati chuoni, lakini kufundisha anakuita kibarua. Kazi yake hasa, anasema, ni utafiti wa grafu. Msidhani ni zile grafu za shuleni za mvua na miezi. Mimi nilidhani hivyo, nikamwonyesha yangu niliyopata vema zote, akaitazama kama mtu aliyeletewa soksi isiyo yake. Grafu zake ni nukta, na mistari inayoziunganisha, basi. Haijalishi nukta imekaa wapi wala mstari umejikunja vipi. Kinachotakiwa ni kujua nani kaunganishwa na nani.

“Kama ukoo,” Bibi alisema siku moja, akidhani ameipata.

“Kama ukoo, Mama, ila hawa hawaombi msaada.”

Wanafunzi wake wanamwita Madam Nukta, na yeye anajua, na anajifanya hajui. Huchora popote: kwenye karatasi za vipimo za Mama, kwenye kioo cha bafuni kikiwa na mvuke, kwenye vumbi la kabati ambalo alitakiwa alifute. Na ana hasira za karibu. Jirani akimwambia, “Si wewe ndiye mtu wa hesabu? Hebu tujumlishie hapa,” anavuta pumzi kwa pua kama anayesukuma gari. Kisha anajumlisha, kisha anakosea, kisha Bibi anamsahihisha. Mtu akimuuliza, “Na hiyo inasaidia nini?” jibu linategemea kama amekunywa chai. Akiwa amekunywa, ataeleza habari za mitandao ya simu na ratiba za mitihani. Akiwa hajanywa, atasema, “Inasaidia nisije kwako mara kwa mara.”

Kwa miaka alikuwa na familia moja tu ya grafu moyoni, na kanuni zake ni mbili. Ya kwanza, kila nukta iwe na mistari mitatu, si zaidi wala pungufu. Ya pili, kusiwe na pembetatu, yaani nukta tatu zilizoshikana zote kwa zote. Alitaka kuonyesha kwamba kila grafu ya namna hiyo, hata iwe na nukta milioni, mistari yake inaweza kupakwa rangi kwa utaratibu fulani. Utaratibu wenyewe nikianza kuueleza hapa mtanikimbia, na mimi mwenyewe naushika nusu. Chukueni tu kwamba ni tabia njema, na yeye alitaka kuthibitisha kwamba kila mwanafamilia anayo.

Huwezi kuzikagua zote moja moja, maana hazina mwisho. Kwa hiyo alifanya wanavyofanya wenzake wa fani hiyo: alitafuta uzazi. Chukua grafu ndogo ya familia, weka nukta mpya katikati ya mstari huu, nyingine katikati ya mstari ule, ziunganishe hizo mbili kwa mstari mpya. Umepata grafu kubwa zaidi. Akaonyesha kwamba mzazi akiwa na tabia njema, mtoto anairithi. Hapo ndipo palipomla miaka na nywele. Kisha akaandika kwamba ni wazi kila grafu ya familia hii imezaliwa hivyo, akamaliza, akatuma makala kwenye jarida. Wahakiki waliisoma mpaka tukasahau kama aliituma. Wakasema ni safi. Ikachapishwa.

Neno hilo, “ni wazi”, leo ukilitamka nyumbani kwetu unaonekana umetukana.

Sasa kulikuwa na mwanafunzi wake wa shahada ya udaktari, ambaye kila mtu alimwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake wa kuongea. Ukimsalimia leo, anaitikia kesho. Nilimpenda sana, kwa sababu alikuwa mtu mzima pekee aliyefikiri kabla ya kunijibu. Taratibu alijenga tasnifu yake yote juu ya makala ya Mama Mdogo, kama mtu anayeongeza ghorofa juu ya nyumba ya mwenzake. Alikuwa amebakiza wiki mbili kuitetea mbele ya watahini. Chuo kipya cha mji mwingine kilikuwa kimeshamwahidi nafasi ya kufundisha, mradi tu apite. Hata suti ya siku hiyo Mama ndiye alikuwa anamshonea, iko kwenye hanga sebuleni, mikono imepigwa bandi, yaani imeshikizwa tu kwa uzi mweupe.

Jumamosi niliyouliza swali langu, Mama Mdogo alikuwa anafanya mazoezi. Chuo kilitarajia wageni, wanafunzi wa sekondari, na yeye aliambiwa aeleze utafiti wake “kwa lugha nyepesi”, maneno yaliyomkera tangu Jumatatu. Akaona aanze na sisi: mimi kwenye kochi, Bibi mlangoni na beseni la viazi.

“Hili mnalijua,” alisema, akachora boksi, lile ambalo kila mtoto huchora, miraba miwili na kona kuunganishwa.

“La viatu,” Bibi akasema.

“Sawa, la viatu. Kona nane. Kila kona ina mistari mitatu. Pembetatu hakuna popote. Kwa hiyo ni mwanafamilia wetu. Sasa nitawaonyesha mzazi wake.”

Kumwona mzazi unarudi kinyumenyume. Unafuta mstari mmoja. Nukta mbili zilizokuwa zimeushika zinabaki na mistari miwili miwili, kwa hiyo nazo unaziondoa na kuacha mistari ipite moja kwa moja. Kinachobaki kinatakiwa kiwe grafu ndogo ya familia ileile. Akafuta, akanyoosha, akarudi nyuma hatua moja kutazama, chaki bado iko hewani.

“Pembetatu,” nikasema, nikijivuna kwa kuijua.

“Nimechagua mstari mbaya.”

Akachora boksi upya, akafuta mstari mwingine. Pembetatu tena, mbili kabisa, moja kila upande.

“Ulisema hakuna pembetatu,” Bibi akasema.

“Mama, ngoja.”

“Mimi nangoja. Viazi ndivyo havingoji.”

Akafuta mstari wa tatu, na wa nne, na yote iliyobaki. Baadaye sana aliniambia kwamba alijua tangu ule wa pili, maana boksi ni lilelile ukiligeuza upande wowote, na kwamba mingine aliifuta kwa ubishi tu. Lakini siku ile mimi nilidhani ni mchezo. Kila akifuta, nasema “pembetatu”, na kila nikisema, anakunja uso zaidi.

“Limegoma,” alisema mwishowe. “Boksi limegoma kupungua.” Akakaa kwenye mkono wa kochi, juu ya kitambaa cha mteja. “Boksi. Si mdudu gani sijui mwenye nukta mia tatu. Boksi. Nililikagua, nikakuta lina tabia njema, nikaridhika. Sikuwahi kuliuliza limezaliwa na nani.”

Ndipo nikauliza swali langu, ndipo nikatumwa kunawa mikono.

Kwa siku mbili nyumba haikukalika. Mama Mdogo alichukua kopo la vifungo la Mama na uzi, akawa anafunga vifungo kwa vifungo sakafuni, anakata, anafunga, anaguna. Ukipita unaambiwa unakanyaga nukta.

“Kama ni boksi peke yake,” aliniambia, ingawa alikuwa anajiambia mwenyewe, “tunaliita mgeni rasmi. Tunaliwekea kiti chake, mkutano unaendelea.”

Halikuwa peke yake. Jumatatu jioni alikuwa ametengeneza kipande cha vifungo sita ambacho ukikifunga kwa kingine kama hicho, na kingine, kama shanga kwenye uzi, kisha ukaunganisha mwanzo na mwisho, unapata kitu chenye mistari mitatu kila nukta, kisicho na pembetatu hata moja, na ambacho ukigusa mstari wowote, pembetatu inachomoza. Na shanga unaongeza kadiri upendavyo. Kwa hiyo haikuwa habari ya mgeni mmoja. Ulikuwa ukumbi mzima wa watu ambao hakuwahi kuwahesabia viti.

Tulipokaa kula, akatuambia.

“Kwa hiyo ulichosema si kweli?” Mama akauliza.

“Huenda ni kweli. Nadhani ni kweli. Ila sijui tena.”

“Unadhani na hujui, kwa pumzi moja.”

“Dada, uthibitisho una tundu. Jambo lenyewe linaweza kuwa zima. Mimi ndiye nilisema nimelithibitisha, na sijalithibitisha.”

“Nani ameona hilo tundu?”

“Mimi.”

“Mwingine?”

Mimi nilikuwa nimeona pia, lakini nikaona nisijitaje.

“Sikiliza,” Mama akasema, kwa sauti ile anayoongea na wateja. “Hata kwenye kushona, mshono wa ndani ukipinda na nguo imekaa vizuri mwilini, hatufumui.”

“Na aliyeivaa akiinama?”

“Asiiname mpaka apite.”

“Dada.”

“Nasema tu. Yule kijana ana wiki mbili. Mwache apite, halafu fumueni mtakavyo.”

Bibi, ambaye nilidhani hasikilizi, akauliza, “Taratibu anajua?”

Ghafla kila mtu akaona chakula kina chumvi nyingi.

Kesho yake shule yetu ilikuwa imefungwa, nikapelekwa chuoni kwa sababu Bibi alikuwa na kliniki. Ofisi ya mkuu wa idara ni chumba chembamba chenye feni inayopiga kelele kila ikimaliza mzunguko na meza ambayo mguu wake mmoja umewekewa vitabu vya kujibia mitihani. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, nikapewa kalamu zisizoandika nichezee. Mkuu ni mtu ambaye hajawahi kumaliza jambo. Analizungukia, analipapasa, kisha anakuita ndugu yake.

“Daktari, ndugu yangu, tusiwashe moto,” mkuu alisema, Mama Mdogo alipomaliza kueleza. “Kijana atetee. Apite. Kisha, kwa wakati wake, masahihisho. Watu huandika masahihisho kila siku.”

“Wakimuuliza kuhusu hapo?”

“Nani atauliza? Mtahini wa nje ameshaandika kwamba kazi ni safi kabisa.”

“Ndiyo maana namkasirikia naye.”

“Na mwenyewe unasema jambo huenda ni kweli.”

“Nasema huenda. Yeye atasimama pale aseme hakika. Kwa mdomo wangu.”

Mkuu akaitazama feni. “Ile nafasi yake kule haitamsubiri, unajua. Kuna wengine wamepanga foleni. Unamvunjia kijana maisha kwa sababu ya boksi.”

Mama Mdogo akasimama, akanishika mkono, akatoka bila kuaga. Kwenye korido alitembea haraka mpaka nikawa nakimbia. “Kwa sababu ya boksi,” alisema. Tulipofika ngazi akasema tena, “Kwa sababu ya boksi,” na mfagizi akatupisha.

Nilidhani ataenda kumtafuta Taratibu hapohapo. Hakwenda. Siku hiyo hakwenda, wala iliyofuata. Alikaa chumbani akijaribu kuliziba tundu kabla ya mtu kutumbukia humo, na kila akitoka uso wake ulikuwa umekunjamana zaidi, na kila tukimuuliza kama amepata, alisema, “Ningekuwa nimepata ningekuwa natabasamu, au mmesahau navyotabasamu?”

Kisha Taratibu akaja mwenyewe, kupima suti.

Alisimama katikati ya sebule, mikono ameinyoosha pembeni kama mtu aliyesimamishwa na polisi, Mama amepiga magoti akikunja pindo, pini zimejaa mdomoni. Mama Mdogo akatoka chumbani kwake. Mama alimwona, akaona jinsi anavyomtazama Taratibu, akaanza kutikisa kichwa kwa nguvu. Hakuweza kusema. Alikuwa na pini.

“Taratibu,” Mama Mdogo akasema. “Makala yangu. Pale ninaposema kila mmoja amezaliwa na mdogo zaidi.”

“Ndiyo, Madam.”

“Si kweli.”

Taratibu hakugeuka, maana koti lote lilikuwa pini. Alichukua muda wake, kama kawaida. “Kwa grafu ipi?”

“Boksi.”

Nilimwona akilifuta kichwani. Macho yake yalitembea kidogo, mstari huu, ule. Akafumba macho. Akafumbua.

“Tutaliweka kando,” akasema.

“Zipo nyingine. Zipo zisizoisha. Nimezitengeneza hapa chini, hapo unapokanyaga.”

Akatazama chini. Kulikuwa na kifungo karibu na kiatu chake.

“Umejua lini?”

“Jumamosi.”

“Leo Ijumaa, Madam.”

“Nilikuwa nataka nikuletee na dawa yake. Sina dawa.” Kisha sauti ikampanda, na nadhani hakukusudia. “Lakini wewe ulikagua? Nilikuambia usome mstari kwa mstari. Miaka mitatu unaitumia, hukuwahi kujaribu boksi?”

“Uliandika wewe,” Taratibu akasema. “Nikague nini?”

“Unikague mimi.”

Mama alikuwa ametema pini zote kiganjani, sasa anazihesabu.

“Ungeniambia baada,” Taratibu akasema.

“Baada ungekuwa umeapa mbele ya watu kitu ambacho mimi najua hakijasimama.”

“Ningekuwa nimepita.”

“Ungekuwa umepita.”

Wote wawili wakakubaliana hapo, na hiyo ndiyo sehemu iliyonitisha. Taratibu akaanza kuvua koti. Pini zikamkwaruza, Mama akasema “Polepole, mwanangu,” naye akasema “Samahani kwa kazi yako, Mama,” akalikunja vizuri juu ya cherehani, akanishika kichwa kidogo, akatoka. Mama Mdogo hakumfuata. Alisema, kwa ubao, kwa kochi, sijui kwa nani, “Angejaribu boksi tu.”

Utetezi uliahirishwa. Nafasi ya chuo kipya akapewa mwingine. Mama Mdogo aliiandikia bodi ya jarida kwamba anaiondoa makala yake, akaeleza kwa nini, akaweka mchoro wa boksi ili kila mtu aone. Wenzake wakaanza kuja nyumbani wakiongea kwa sauti za chini.

“Wananipa pole kama nimefiwa,” alilalamika. “Kaja yule wa takwimu, kanishika mkono mpaka chai yake ikapoa. Nani kafa?”

“Jina lako,” Mama akasema. Mama alikuwa bado na hasira. Alikuwa amelifumua lile koti na kutumia kitambaa kwa kazi nyingine, na kila siku alikuwa na neno.

Taratibu hakurudi chuoni. Tulisikia amepata kazi ya kufundisha sekondari. Kwa miaka jina lake halikutajwa mezani, na Bibi alipolitaja, Mama Mdogo aliinuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Kisha nikaingia sekondari, na siku ya kwanza ya hisabati akaingia yeye.

Alikuwa amenenepa kidogo, mwendo wa kuongea ni uleule. Darasa zima lilikuwa linakata roho kumsubiri amalize sentensi. Alisoma majina, akafika kwa langu, akanitazama, akasoma lililofuata. Hiyo ndiyo salamu niliyopata mwaka mzima. Ila niliona kitu kimoja. Kwenye kona ya juu ya ubao alichora kijigrafu, si kwa ajili yetu, na akaandika chini yake, “Asifute mtu.” Wiki nyingine kilikuwa kimebadilika. Wenzangu walidhani ni alama ya kikao cha walimu. Mimi nilizijua zile shanga.

Nikafika nyumbani roho juu. “Mama Mdogo, Taratibu bado anazo shanga. Leo amechora tatu, halafu moja ameizungushia—”

“Nyamaza.”

“Lakini nimeona ali—”

“Nimesema usiniambie.” Alikuwa ameziba masikio kweli, kwa vidole, mtu mzima. “Hiyo ni yake. Ukiniambia nitaanza kuifikiria, na nikianza kuifikiria nitakuwa nimemwibia. Akitaka nijue, ana miguu.”

Huo ndio utaratibu wao watu hawa. Wanaweza kugombana mpaka wasisalimiane miaka, lakini kuchungulia wazo la mwenzio ni kama kuchungulia bafuni. Kwa hiyo mwaka ule wote mimi ndiye niliyeteseka. Shuleni nina mwalimu asiyetaka kunisalimia, nyumbani nina Mama Mdogo anayekula na vidole masikioni kila nikisema neno “ubao”. Nilikuwa naona kila wiki jinsi kile kijigrafu kinavyokua na kupungua, na sina wa kumwambia ila Bibi.

“Mmoja ana kiburi,” Bibi akaniambia. “Mwingine pia.”

Taratibu alikuja Jumamosi moja mchana, mwaka wangu wa pili. Mimi ndiye nilifungua geti. Alisema, “Madam yupo?” kama mtu aliyeondoka jana. Mama Mdogo akatokea na taulo kichwani. Wakatazamana.

“Shanga unaimeza nzima,” Taratibu akasema. Hata shikamoo hakutoa. “Si mstari mmoja mmoja. Kipande chote mara moja, unaacha mstari mmoja mahali pake.”

Mama Mdogo akaiwazia. “Na ncha mbili zikiangukia mahali pamoja?”

“Nimeiona hiyo. Nina njia.”

“Na boksi?”

“Boksi linakaa mwanzo kabisa, pamoja na ile grafu ndogo kuliko zote, ya nukta sita. Halizaliwi. Ni la kwanza.”

“Ni la kwanza,” Mama Mdogo akarudia, na akashika taulo lake kama vile limemchoma. “Kwa nini hukuja mwaka jana?”

“Mwaka jana ilikuwa na tundu.”

Wakaingia ndani, wakakalia ile meza ya kukatia vitambaa, na kuanzia hapo hapakuwa na amani. Kila alichoonyesha Taratibu, Mama Mdogo alitafuta pa kukivunja. Alimkatiza, akachukua kalamu mkononi mwake, akasema “hapana hapana hapana”, akasema “eleza tena, na safari hii usinionee huruma”. Taratibu aliongea polepole vilevile, na kadiri alivyopunguza mwendo ndivyo mwenzake alivyochemka. Mama alikuja na chai, akasimama akiwatazama, akarudi nayo jikoni.

“Wanagombana tena?” Bibi akauliza.

“Hapana,” Mama akasema. “Nadhani wamepatana.”

Kazi hiyo iliwachukua muda mrefu kuliko alivyotegemea yeyote. Mara mbili walidhani wamemaliza, na mara mbili Mama Mdogo alimpigia simu asubuhi kumwambia warudi nyuma. Lakini tasnifu iliandikwa upya, ikatetewa, na jina la mwenye uthibitisho ni lake Taratibu, maana njia ni yake. Mama Mdogo alitaka iwe hivyo na kuna watu chuoni waliomwona hana akili. Sasa Taratibu ni mhadhiri palepale, ofisi ya tatu kutoka yake. Miaka aliyoipoteza hakurudishiwa na mtu. Walioanza naye wamempita vyeo, na mmoja wao ndiye aliyepata ile nafasi ya mji mwingine. Alisema mara moja, nikisikia, kwamba bila miaka ile, watoto wake leo wangekuwa wakubwa zaidi.

Mimi namaliza sekondari mwaka huu. Juzi nilimkuta Mama Mdogo amekaa kwenye kochi, miguu juu ya kiti, anasoma rasimu ya makala mpya ya Taratibu ambayo amemwomba aipitie kabla ya kuituma. Anasoma kama anavyosoma siku hizi, kidole kwenye mstari, midomo inatembea, kila ukurasa anaguna. Nikaona hapa pazuri. Nikamwambia kuna swali alilonitoroka nalo nikiwa mdogo, akanituma nikanawe mikono, na bado nalidai.

“Lipi?”

“Ukikosea, nani anaumia?”

Hakuinua macho. Aligeuza ukurasa, akaurudisha, akausoma tena, akaushusha magotini kwa hasira.

“Aliyeniamini,” akasema. “Sasa niletee kalamu nyekundu. Huyu mtu, ukurasa wa tisa, amechukua hesabu yangu nzima nzima bila kuigusa. Ameniamini tena.”